Sikuifua Namba Tisa

Mtu akitaka kukudanganya kuhusu mpira atakudanganya kwa mdomo, na jezi haina mdomo. Mimi nimefua jezi za timu yetu miaka thelathini na moja, tangu mwanangu wa kwanza anaota meno, na sasa mwanangu huyo ana upara. Nazijua jezi hizo kuliko wanaozivaa.

Nipe jezi ya mtu baada ya mechi, usiniambie alichezaje. Tope likiwa kifuani, alijirusha mbele. Likiwa mgongoni, alipigwa chenga akaanguka akitazama mbingu. Bega likiwa limevutika, alimsumbua mtu mpaka mtu huyo akamshika kwa hasira. Kola ikiwa nyeusi kwa jasho, alikimbia. Na jezi ikija safi, inanukia manukato, basi mwenyewe alikwenda uwanjani kupunga upepo.

Mtaani wananiita Mama Jezi. Gunia huletwa kila Jumatatu asubuhi na katibu wa timu, juu ya baiskeli. Katibu alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, kwa hiyo yeye ananiita shemeji na mimi namwita shemeji, na tunaweza kutukanana bila kugombana. Mume wangu alipofariki, katibu alitaka gunia la wiki ile alipeleke kwingine ili mimi nipumzike. Nikamwambia alilete. Nilifua huku nalia, na jezi zilitakata. Ng'ombe haelemewi na nundu yake. Watu wanafikiri kufua jezi ni adhabu. Kwangu mimi Jumatatu bila gunia ni siku isiyo na kichwa wala miguu.

Sasa nieleze habari ya kocha.

Kocha huyu alikuja mwanzo wa msimu na vitu vitatu: daftari, miwani ya jua na namba tisa. Namba tisa alikuja naye kutoka timu aliyotoka, kama mtu anayehama na paka wake. Miwani ile haivuliwi, jua liwepo lisiwepo. Daftari analiandikia hata wakati mpira umetoka nje. Nyumbani tunabahatisha, leo sare, kesho tunashinda kwa tabu. Lakini ugenini! Ugenini tumekuwa wageni wa heshima: tunafika, tunatoa zawadi, tunaaga. Kila tukifungwa kocha ana sababu. Mara mwamuzi, mara majani marefu, mara majani mafupi.

Jumapili ile tulicheza ugenini na mvua ilikuwa inanyesha huko tangu alfajiri. Nilikwenda kusikiliza redio kwa kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na ua wetu, ni kuvuka barabara tu. Kinyozi huyu ni shabiki wa timu inayoshinda, yoyote ile. Nilikuwa sijakaa vizuri kwenye benchi lake akaanza.

"Mama Jezi, leo mnakula ngapi?"

"Sisi hatuli. Sisi ndio tunaopika."

"Mmepika ugenini lini? Ninyi mkienda ugenini mnaosha vyombo."

"Wewe nyoa kichwa cha watu, acha kunyoa timu yangu."

"Aa, timu yako mbona ilishakuwa na kipara, mimi nitanyoa nini?"

Tukabishana. Mimi nikibishana nabishana kwa mikono na miguu, redio siisikii. Nilikuja kuisikia mtangazaji alipopiga kelele, na kelele yenyewe haikuwa yetu. Moja. Kabla ya mapumziko, mbili. Kipindi cha pili nikanyamaza, kinyozi naye akanyamaza, maana kuna kufungwa kwa kuchekesha na kuna kufungwa kwa msiba. Ya tatu ilipitia upande wa kushoto. Ya nne sijui ilipitia wapi, nilikuwa nimeinama.

Baada ya mechi wakamweka kocha kwenye redio. Alisema hivi, na maneno haya sikuambiwa, niliyasikia kwa masikio yangu: "Vijana walijitahidi. Uwanja ulikuwa mbovu na upepo ulikuwa dhidi yetu. Aliyetuangusha ni beki wangu wa kushoto. Alikuwa anaogopa kuchafuka. Sitaki mchezaji anayeogopa tope. Atakaa benchi mpaka ajifunze kucheza kiume."

Beki wa kushoto ni namba tatu. Tunamwita Msumari, kwa sababu akikushika hang'oki. Nikamtazama kinyozi, kinyozi akanitazama.

"Msumari anaogopa tope?" akasema. "Huyo si ndiye aliyemaliza mechi na meno mawili mfukoni?"

"Ngoja," nikamwambia. "Kesho gunia linakuja."

Jezi zetu za nyumbani ni za bluu. Za ugenini ni nyeupe, na nyeupe haifichi kitu.

Jumatatu katibu alifika, akateremsha gunia, akataka kuondoka haraka. Kwa kawaida hunywa chai kwanza. Nikamwuliza, "Shemeji, unakimbia chai au unanikimbia mimi?" Akasema ana kikao. Mtu aliyefungwa nne ana vikao vingi.

Nikalimwaga gunia kwenye beseni kubwa. Jezi kumi na sita, zimelowa mvua zote, tope jekundu. Nikazitoa moja moja nikizitandaza juu ya meza ya kufulia, kama nifanyavyo siku zote kabla ya kugusa sabuni. Kipa, tope mpaka kwapani. Namba tano, tope la mgongoni, tena mara mbili, maskini. Nikafika namba tatu.

Nilimwita mkwe wangu. Mkwe wangu ni mke wa yule mwanangu mwenye upara. Ni fundi cherehani, anashonea hapo barazani, nami naishi nao.

"Njoo uone mtu anayeogopa tope."

Alikuja na futi yake shingoni, akaishika jezi. Kifua kilikuwa chekundu chote, huwezi kujua kama ilipata kuwa nyeupe. Kiwiko kimechanika. Bega moja limevutika mpaka mshono umeachia. Na kwenye kola, damu.

"Mama," akasema, "hii haikuchezewa mpira. Hii imelimiwa."

Nikamwonyesha namba tisa. Mechi nzima alikuwa uwanjani, dakika tisini, mvua na tope, na jezi yake ilikuwa kama sanda. Imelowa, ndiyo, mvua haichagui mtu. Lakini tope, hata punje. Nikainusa. Marashi.

Na namba nane vilevile, nyeupe, haina doa.

Nikakaa juu ya ndoo nikafikiri. Kisha nikasema, "Hizi mbili sizifui. Mimi sifui nguo safi, ni kuchezea sabuni."

"Utazirudisha hivihivi?"

"Nitazianika kwanza. Watu wamesikia redio. Sasa waone."

"Mama, hiyo ni ya kocha na watu wake. Sisi wafuaji tu."

"Wewe ukishona suruali ya mtu na ikamchanikia matakoni kwa sababu amenenepa, akasema ni uzi wako, unanyamaza?"

Alivuta futi yake akarudi barazani. Naye ana ulimi, lakini alijua nimemshika pabaya.

Kamba yetu imefungwa kutoka ukuta wa jiko hadi nguzo ya karibu na barabara. Nikaanika jezi tatu, migongo ikitazama barabara: nane, tatu, tisa. Namba tatu katikati, na tope lake lote. Halafu nikaendelea kufua zile nyingine kumi na tatu kana kwamba sikufanya kitu.

Wa kwanza kuvuka barabara alikuwa kinyozi, wembe mkononi. Nyuma yake mteja mwenye nusu ya nywele. Wakasimama. Kinyozi akasoma namba moja moja kwa sauti, halafu akacheka mpaka akashika nguzo.

"Kumbe anayeogopa tope yupo kweli! Ila kocha amekosea namba!"

Mpaka saa sita watu walikuwa wanapita makusudi. Muuza magazeti alisimama. Walimu wawili walisimama. Fundi baiskeli alileta baiskeli ya mtu aitengenezee palepale mbele ya ua wangu, eti kwake kuna jua. Kila mmoja alitoa hukumu yake. Mwingine akasema kocha afukuzwe leo, mwingine akasema hapana, kesho, leo apewe nafasi ya kufungasha. Nilijiona nimefanya la maana. Nasema ukweli wangu, nilijivuna.

Saa nane akaja kijana anachechemea, mguu umefungwa bandeji mpaka kwenye goti. Watu wakampisha. Alikuwa namba nane.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kuchukua jezi yako? Ipo hapo, haikuhitaji kufuliwa."

"Bibi, mimi nilitoka dakika ya sita."

"Ulitoka wapi?"

"Uwanjani. Niligongwa na beki wao, goti likavimba, nikasimama kwa mguu mmoja mpaka wakanibeba. Hata mtangazaji alisema. Nimepita njiani watu wananiita bwana harusi. Dakika sita, Bibi. Ningechafukaje?"

Dakika ya sita mimi nilikuwa nabishana na kinyozi nani anapika na nani anaosha vyombo. Na kibaya zaidi, namba kumi na nne ilikuwa na tope tele, niliifua mwenyewe asubuhi ile. Ningepaswa kujiuliza mtu wa benchi amepata wapi tope kama hakuingia badala ya mwingine. Miaka thelathini na moja nasoma jezi, na hiyo moja ikanipita mkononi.

Ua mzima ulikuwa unanisubiri. Mimi kuomba radhi si jambo linalonitoka kwa urahisi, marehemu mume wangu angeshuhudia. Nikainuka, nikaenda kwenye kamba, nikaitoa namba nane. Nikaiweka kwenye maji safi, nikaifua pale mbele yake, safi ilivyo, nikaisuuza mara tatu.

"Sasa hapa kaonewa nani, jezi au sabuni?" kinyozi akaropoka.

"Nyamaza wewe. Ungenyamaza jana ningesikia redio."

Namba nane akacheka kidogo, lakini niliona halijamtoka moyoni. Akaondoka anachechemea.

Namba tisa niliiacha kwenye kamba. Huyo hakutoka dakika ya sita. Huyo nilimsikia mtangazaji anamtaja mpaka filimbi ya mwisho, kila mara kwa neno moja: "Amechelewa."

Jumanne asubuhi kocha alikuja mwenyewe, na miwani yake, katibu akimfuata nyuma kama mtu anayepelekwa kituoni. Mkwe wangu alileta viti. Kocha hakukaa.

"Mama, hii nini?" Akaonyesha kamba.

"Jezi."

"Naona ni jezi. Kwa nini ziko barabarani?"

"Ziko uani kwangu. Barabara ndiyo inayotazama."

Katibu akakohoa. "Shemeji, wazee walisema, aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Na mwosha hasemi."

"Hawa si maiti, shemeji. Ingawa Jumapili walikaribia."

Nilimsikia mkwe wangu anajizuia kucheka nyuma ya cherehani. Kocha hakuona la kucheka.

"Sikiliza, Mama. Kazi yako ni kufua, siyo kufundisha mpira. Tena hata kufua kwenyewe umekosea. Umemwaibisha kijana aliyeumia. Kama ulikosea kwa namba nane, nani atakuamini kwa namba tisa?"

Hapo alinipata. Ningekuwa mtu wa kukubali kushindwa ningekubali hapo.

"Kwa namba nane nimekosea," nikasema. "Nitamwomba radhi mbele ya watu kama nilivyomwaibisha mbele ya watu. Kosa moja haliachi mke. Lakini wewe ulisema kwenye redio namba tatu anaogopa kuchafuka. Ile pale. Njoo uishike, kisha urudie."

Hakuishika. Alitazama saa yake.

"Kesho jioni mazoezini," akasema. "Ulete jezi zote, zimefuliwa zote, zimekunjwa. Mbele ya wachezaji utaomba radhi: kwa namba nane, kwa namba tisa na kwangu mimi. Ukishindwa, gunia linakwenda kwa dobi wa mashine. Ananyoosha na pasi, na hana maneno."

Wakaondoka. Katibu aligeuka mara mbili kunitazama.

Siku ile chai niliiacha ikapoa. Mkwe wangu alizima cherehani yake akaja akakaa karibu nami, jambo asilolifanya wakati ana nguo za watu.

"Mama, neno moja haliui. Sema samahani, yaishe. Wewe bila gunia hilo utakuwaje? Mimi ndiye ninayekuona Jumatatu. Jumatatu unaamka unaimba."

"Naimba?"

"Kumbe hujui? Unaimba, tena vibaya."

Nilikuwa sijui. Nikaangalia meza ya kufulia, ubao umelika pale mkono wangu wa kulia unapofikicha, umefanya shimo kama sahani. Mtu mwenye akili angeifua namba tatu kabla usiku haujaingia. Dakika chache tu, maji baridi kwenye damu, brashi kwenye tope, na habari yote ingeingia kwenye mfereji. Si kocha alikuwa anaomba hilo tu? Nguo iwe nyeupe, ili maneno yake yabaki.

Nikasema hapana. Si kwa sababu ya Msumari, wala sina udugu naye. Ni kwamba nimefua uchafu miaka yote hii, lakini hajatokea mtu akanifulisha uongo.

Jumatano jioni nilijitwika beseni nikaenda uwanjani. Nilipitia mlango wa pembeni, ule wa wafanyakazi, kama siku zote. Wachezaji walikuwa wamekaa kwenye nyasi. Kocha akawaambia wasimame, wakasimama. Nikateremsha beseni. Jezi kumi na nne nilizikunja vizuri mno, hata pasi isingefanya zaidi.

Nikamtafuta namba nane kwa macho. "Mwanangu," nikamwambia, "nilikuita mtembezi na kumbe ulibebwa. Nilikosea. Nisamehe."

"Yameisha, Bibi," akasema, na safari hii niliona yameisha kweli.

"Endelea," kocha akasema.

Nikatoa namba tisa na namba tatu, kama zilivyokuja, nikazitandaza kwenye nyasi moja kando ya nyingine. Kipa alishusha pumzi. Namba tano akatazama pembeni. Namba tisa mwenyewe aliinamia viatu vyake, akafungua kamba iliyokuwa imefungwa, akaifunga tena.

Msumari akanisogelea, anazungumza chini chini. "Bibi, acha. Unanizidishia. Nitakaa benchi wiki mbili, basi, atanirudisha. Ukiendelea hatanirudisha."

Maneno hayo yaliniuma kuliko ya kocha. Nikamjibu, "Mwanangu, mimi sikutetei wewe. Nasema nilichokiona. Wewe kama unataka kuitwa mwoga ili upate amani, hiyo ni yako, lakini jezi hii usiisingizie."

Akarudi nyuma, amekunja midomo. Sijui kama alinichukia. Yawezekana.

"Nasubiri," kocha akasema.

"Niombe radhi kwa jezi ipi kati ya hizi?"

"Kwangu mimi."

"Wewe sikukuanika. Wewe hukuwa na jezi."

Kuna mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Kocha akavua miwani. Mara ya kwanza namwona macho. Yalikuwa macho ya kawaida tu, mekundu kidogo, ya mtu asiyelala vizuri. Kwa muda nikamwonea huruma. Muda mfupi.

"Basi, Mama. Acha beseni hapo. Kuanzia leo kazi imekwisha."

"Beseni ni langu," nikasema. "Jezi ni za timu." Nikazitoa zote kumi na nne nikampa katibu mikononi, nikachukua beseni langu nikatoka. Nilitembea wima mpaka nilipopita kona. Baada ya kona sisemi nilitembeaje.

Jumamosi tulicheza nyumbani. Nilikwenda. Kwenye mlango wa pembeni bawabu, ambaye nimemjua miaka kumi, alikuna kichwa akasema, "Mama Jezi, nimeambiwa wafanyakazi tu." Nikamwambia asijisumbue. Nikazunguka mpaka lango kubwa, nikapanga foleni na mashabiki, nikakata tiketi. Miaka thelathini na moja sikuwahi kukata tiketi, wala sikuwahi kukaa na mashabiki. Nilikuwa nasimama karibu na chumba cha kubadilishia nguo, kimya, maana mtu wa timu hazomei timu. Nilikuwa na maneno ya misimu mingi tumboni.

Nikajitafutia mahali nyuma ya benchi letu, hatua nne kutoka kwenye shingo ya kocha. Msumari alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Upande wa kushoto walimweka mtu wa kulia, na kila mtu aliona, hata kinyozi, ambaye alikuja eti kunisindikiza.

Dakika ya ishirini nikaanza.

"Kocha! Kushoto kumekaa wazi kama mlango wa kanisa! Au umeandika kwenye daftari kwamba pamefungwa?"

Watu wakacheka. Kocha hakugeuka.

"Kocha! Namba tisa anaomba kiti! Mpelekeeni kiti, amesimama sana!"

"Na mwamvuli!" kinyozi akapokea. Na huyo si shabiki wetu.

Tukafungwa moja, kupitia kushoto. Sikufurahi. Mtu asinielewe vibaya, timu ni yangu, kocha ni mpita njia. Niliumia kama kawaida, halafu nikasimama nikapiga kelele zaidi: "Namba tatu! Namba tatu!" Kufika mapumziko jukwaa lote la nyuma lilikuwa linasema namba tatu. Kocha akamtuma katibu.

"Shemeji," katibu akasema, jasho linamtoka, "kocha anaomba upunguze."

"Mwambie mimi si mfanyakazi wake. Alinifukuza mwenyewe."

Katibu akafuta jasho. Akarudi. Sijui alimwambia nini.

Kipindi cha pili kocha alimwinua Msumari akimbiekimbie pembeni apashe misuli. Watu wakashangilia. Dakika kumi akakimbia, kisha akakalishwa tena. Tukasawazisha kwa kona, namba tano alipiga kichwa, nikamkumbatia kinyozi kwa bahati mbaya. Mechi ikaisha hivyo, bao moja kwa moja. Msumari hakuingia. Nilirudi nyumbani sauti imekatika, sijashinda kitu.

Jumatatu niliamka saa zile zile. Nikajaza maji kwenye beseni kwa mazoea, nikayatazama, nikamwagilia nyanya za mkwe wangu. Sikuimba, nilijisikiliza makusudi.

Saa tatu nikasikia kengele ya baiskeli.

Katibu alikuwa amesimama langoni, na nyuma ya baiskeli gunia limefungwa. Safari hii hakuwa na kikao.

"Shemeji, gunia linaweza kurudi. Nimezungumza naye. Amekubali, husemi samahani wala nini. Yaliyopita yamepita."

Mkwe wangu akasimamisha cherehani.

"Na sharti?" nikauliza.

"Dogo tu. Siku za mechi ukae kimya. Uje, utazame, ushangilie ukipenda. Ila benchi uliache. Watu wa timu hawazomei timu, shemeji, hiyo wewe ndiye uliyenifundisha."

Ni kweli nilimfundisha. Nikalisogelea gunia. Lilikuwa na unyevu, lina harufu ile ya jasho, nyasi na mpira, ambayo kwa wengine ni uvundo. Mkono wangu ukalishika wenyewe. Nilijua ndani kuna nini bila kufungua, na nilijua namba tatu ndani ya gunia hilo imekunjwa, kavu, haina hadithi.

"Msumari atacheza Jumapili?"

"Hilo ni la kocha."

"Basi mwambie hivi. Kufua nitafua, hata bure, hata mpaka nizikwe. Lakini mdomo wangu haumo ndani ya gunia hilo. Akihitaji mikono yangu, auache mdomo."

"Shemeji, dobi wa mashine atachukua moja kwa moja. Sitaweza kurudi tena hapa."

"Kuja utakuja. Chai ipo. Gunia lipeleke."

Akaigeuza baiskeli, mtu niliyemjua tangu ana nywele. Nikalifunga mwenyewe lile gunia pale lilipolegea, lisije likamwangukia njiani. Alipopandisha mguu kwenye baiskeli nikamwuliza, "Basi la mashabiki la Jumapili linaondoka saa ngapi?"

"Basi gani? La ugenini?" Akashusha mguu. "Shemeji, ni mwendo wa saa tano. Kwa umri wako?"

"Sikukuuliza umri. Nimekuuliza basi."

"Saa kumi na mbili asubuhi. Mbele ya uwanja."

"Na huko ugenini mashabiki wanakaa wapi? Mbali na benchi letu?"

"Nyuma yake tu. Lakini hakuna viti, wageni wanasimama dakika zote tisini."

"Vizuri," nikamwambia. "Nikikaa, sauti haitoki."